Babu alizunguka kijiji na daftari akirudisha ratili alizoiba. Imani ya namna hii bado ipo?

Mjukuu wa Karani (mleta uzi)

Wakuu, salamu kwenu. Uzi ni mrefu, asiye na muda aweke alama arudi jioni.

Jumapili baada ya ibada mchungaji alitubakiza sisi wazee wa kanisa, akatuuliza swali moja na kuondoka bila kungoja jibu: "Kati ya majirani zenu wasio wa dini yetu, nani anaweza kukuachia funguo za duka lake akisafiri mwezi mzima?" Tulitazamana. Mwenzetu mmoja akasema jirani yake hamwachii hata kuku. Tukacheka, tukatawanyika. Mimi swali lilinifuata mpaka nyumbani, kwa sababu kwenye ukoo wetu yupo mtu aliyewahi kuachiwa hizo funguo. Ni babu yangu mzaa baba. Na kabla ya kuachiwa funguo alikuwa mwizi.

Nyumba za watu hakuvunja. Alikuwa karani wa mizani ya kahawa, huku kwetu Kagera, miaka ya 1950. Mkulima analeta gunia lake kichwani au kwa baiskeli, karani anapima, anaandika, mkulima anapewa karatasi. Wengi hawakujua kusoma, na waliojua hawakuona namba kwenye mizani kwa sababu karani alisimama mbele yake. Babu alikuwa anapunguza ratili mbili, karibu kilo moja, kila gunia. Likija gunia kubwa la mtu mpole, tatu. Zile ratili zinakusanyika, jioni zinaandikwa kwa jina la ndugu yake ambaye hakuwa hata na kibanja, shamba la migomba na kahawa, cha maana. Baba anasema kijiji kizima kilijua kwamba mizani ya pale "inakula", ila walidhani ni ubovu wa chuma.

Kisha walokole wakaja.

Kwa wasiojua, ulokole tunaousema leo kwa dhihaka una historia yake. Septemba 1929, kwenye kilima cha Namirembe kule Kampala, daktari mmoja Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa hoi baada ya kupambana na njaa kwenye hospitali ya misheni ya Gahini nchini Rwanda, alikutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi, mtumishi wa idara ya afya. Wote wawili walikuwa Wakristo wa siku nyingi, na wote wawili walikuwa wakavu ndani. Wakasoma Biblia pamoja na kuomba. Kutokea hapo moto ukahamia Gahini, ambako mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu. Kigozi alikufa Januari 1936 kwa homa ya kupe, bado kijana, na kifo chake kikawasha watu kuliko mahubiri yake. Waliokolewa wakaitwa kwa Kiganda *balokole*. Lilikuwa jina la kebehi, wenyewe wakalivaa. Mwishoni mwa miaka ya 1930 walishavuka mpaka kuingia huku Bukoba, Walutheri na Waanglikana wote wakaguswa. Askofu Josiah Kibira, yule aliyechaguliwa Dar es Salaam mwaka 1977 kuwa rais wa kwanza Mwafrika wa Shirikisho la Walutheri Duniani, alitoka kwenye uamsho huo huo.

Ninachotaka tujadili ni kile walichokifanya baada ya kuimba Tukutendereza, wimbo wao wa kumsifu Yesu. Walirudisha vitu. Jembe la misheni lililopotea miaka sita, shuka la hospitali, nauli ambayo hukulipa. Mtu akishasimama kwenye ushirika, yaani mkutano wao wa kuomba na kutubu, na kusema "niliiba", wenzake hawampigii makofi ya kumwachia. Wanamuuliza: umeshamrudishia?

Babu alipookoka alikaa wiki nzima akiandika daftari. Majina ya wakulima aliowakumbuka, na mbele ya kila jina ratili alizokisia. Alianza na akiba yake, ikaisha kabla ya ukurasa wa tatu. Akauza baiskeli. Alikwenda nyumba kwa nyumba, peke yake, jioni, na alisema maneno yale yale kila mlango: "Mizani haikuwa mbovu. Nilikuwa mimi."

Wapo waliolia. Yupo aliyepokea na kwenda kuinywea rubisi, pombe ya ndizi, yote siku hiyo hiyo. Mmoja alimsomea Luka 19 kwa sauti, akamwambia Zakayo alirudisha mara nne, kwa hiyo na yeye alete mara nne. Babu alimlipa mara nne, kwa awamu tatu.

Na yupo mzee mmoja Mwislamu, mwenye duka njia panda, aliyekataa pesa kabisa. Alimwambia babu: "Mimi nilijua. Nilikuwa nakungoja." Miaka michache baadaye mzee yule alipokwenda Hijja, safari ya miezi kwa siku zile, alimwachia babu funguo za duka. Alikuwa na shemeji, alikuwa na wanaume wa msikitini kwake, na bado funguo zikaja kwetu.

Sasa tazama sisi. Tuna spika za kutikisa mabati mtaa mzima, gari lina maandiko mbele na nyuma, salamu zetu kwenye simu zinaanza na Bwana Yesu asifiwe. Nani ametuachia funguo?

Nawasilisha.

---

Kibuyu Kitupu

Huyo wa mara nne ni ukoo wangu, nahisi harufu. Endelea mkuu, nimeweka kiti.

---

Konda Mstaafu

Nimefanya kazi kwenye daladala miaka kumi na moja, Mwanza. Gari letu kioo cha nyuma liliandikwa DAMU YA YESU kwa herufi nyekundu. Tajiri mwenyewe alilibandika. Ndiyo gari lililokuwa linaongoza njia yetu kwa kula chenji ya wanafunzi, na mimi ndiye niliyekuwa nakula. Kuna binti mmoja wa sekondari aliniambia siku moja bila hasira, "Kaka, futeni tu hayo maandishi." Sikufuta, gari si langu. Lakini kuanzia siku ile sikuweza kula chenji nikiwa nimesimama mlango wa nyuma. Nikahamia kula mlango wa mbele.

Niliacha baadaye, si kwa sababu ya mahubiri. Nilizaa binti.

---

Mama Mkubwa wa Kemondo

Mjukuu wa Karani, umeandika vizuri, babu yako apumzike. Lakini mmezoea kutuletea ulokole wa wanaume wenye madaftari. Ngoja nilete wa kwetu.

Bibi yangu alikuwa mke wa mtu, Mkristo wa kawaida, anaimba kwaya. Kabla hajaolewa, au baada, hilo sijui na silitaki, aliwahi kuwa na uhusiano na mwanamume wa kijiji cha pili. Yule mwanamume akaokoka. Akasimama kwenye mkutano, mbele ya mamia ya watu, akatubu uzinzi wake na kutaja majina. La bibi lilikuwa la pili kwenye orodha. Watu wakaimba Tukutendereza, wakamkumbatia, wakamwita ndugu. Yeye alikwenda nyumbani mwepesi. Bibi alikwenda nyumbani na kupigwa. Alirudishwa kwao na mtoto mgongoni, na mtoto huyo ndiye mama yangu.

Bibi hakukanyaga kanisa tena mpaka anakufa. Alikuwa anasema, "Yule alitua mzigo wake kichwani kwangu." Mwanamume yule alikuwa mkweli, sina shaka. Hakuongopa hata neno moja. Ila aliutumia ukweli kama mtu anayemwaga maji machafu dirishani bila kutazama nani anapita.

Kwa hiyo mkiuliza imani ya mtu inawagusaje wengine, waulizeni na waliomwagikiwa.

---

Mjukuu wa Karani

Dada, nimesoma mara mbili. Sina cha kubishana. Baba ameniambia kwamba hata wazee wa ushirika wa huku walikuja kuliona hilo wakaanza kuwaambia watu: taja dhambi yako, usitaje ya mwenzio. Lakini walichelewa, na hakuna aliyekwenda kwa bibi yako na daftari.

---

Mtanga

Assalaam alaykum wanajamvi. Mimi Mwislamu, nimevutwa na yule mzee wa Hijja.

Mleta uzi, nikwambie kwa nini mzee yule alielewa haraka. Kwetu toba ya kosa baina yako na Mungu ina masharti yake, lakini kosa la haki ya mja lina sharti la ziada: umrudishie mwenyewe au akusamehe. Ukiswali mpaka paji liote sugu na debe la mtu liko ghalani kwako, lile deni linakungoja. Kwa hiyo babu yako alipogonga mlango, mzee hakuona Mkristo anayefanya mambo ya Kikristo. Aliona mtu aliyefanya toba inavyotakiwa. Akamheshimu kwa mizani ya dini yake mwenyewe.

Nina swali moja. Je, babu alimhubiria?

Na kuhusu spika, tuishie hapo hapo, maana na sisi ya alfajiri ipo, nisije nikajichongea.

---

Mjukuu wa Karani

Wa alaykum salaam shehe.

Hapana, hakumhubiria. Baba aliwahi kumuuliza hilo hilo. Babu alijibu, "Ningemhubiria nini mtu niliyemwibia?" Walikuwa wanakaa barazani kila Ijumaa jioni, wanakula senene msimu ukifika, wanazungumza bei ya kahawa. Mzee alikufa Mwislamu safi, akazikwa na Waislamu wenzake, babu akasimama nje ya mstari wa swala kofia mkononi. Watoto wa mzee yule mpaka leo tunaitana ndugu. Harusi yangu walileta ng'ombe.

---

Kibuyu Kitupu

Ng'ombe mzima kwa ratili mbili mbili? Hii riba hata benki hawaitoi.

---

Mwana wa Limuru

Hamjambo huko Tanzania. Huku kwetu Kenya walifika 1937, timu kutoka Rwanda na Uganda ikahubiri Kabete. Kwa Kikuyu tuliwaita *ahonoki*, waliookolewa. Nyanyangu alikuwa mmoja wao.

Naongeza jambo ambalo vijana hawalijui. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, ahonoki walikuwa kwa shida kuliko watu wote. Mau Mau waliwataka wale kiapo, wakakataa, wakisema wamekunywa damu ya Yesu hawawezi kunywa nyingine. Serikali ya mkoloni ikafurahi, ikawaambia basi chukueni bunduki mkae na Home Guard, mgambo wa serikali. Hapo pia wengi wao walikataa. Hawaui mtu. Kwa hivyo usiku ni msaliti, mchana ni msaliti. Wengine waliuawa. Nyanya alikuwa akisema walilala na nguo za kuzikiwa.

Sisemi walikuwa sawa kuhusu uhuru. Watu walikuwa wamenyang'anywa mashamba, na kuna wajukuu wa wapiganaji ambao hadi leo wanaona wale walikaa pembeni wakati wenzao wanakufa msituni. Mimi mwenyewe sijaamua. Nilichoona ni kwamba vita ilipoisha, watu wa pande zote mbili wakirudi kijijini hawawezi kutazamana, nyumba ambayo wote waliweza kuingia kunywa chai ilikuwa ya nyanya.

Halafu huyo Zakayo mmemtaja. Huku ni jina la utani la mkubwa fulani kwa sababu ya ushuru, na mwaka 2024 vijana waliingia barabarani wakiimba Zakayo shuka. Watu wakacheka. Lakini kwa Biblia Zakayo alishuka kweli, na alipofika chini akaanza kurudisha. Hiyo sehemu ya pili hatujaifikia.

---

Mpita Njia wa Arusha

Nimezaliwa Rwanda, naishi Arusha. Nimesoma uzi huu tangu mwanzo na nimekaa kimya kwa sababu najua ninachotaka kusema kitaharibu hali ya hewa.

Gahini mnayoitaja iko mashariki mwa Rwanda, juu ya ziwa Muhazi. Ni nchi yetu. Uamsho uliozaa babu na nyanya zenu ulizaliwa kwetu. Na ni kwetu ambako mwaka 1994, kwenye mauaji ya kimbari, watu walikimbilia makanisani wakauawa humo humo. Ntarama. Nyamata. Kule Nyange kanisa liliangushwa kwa tingatinga watu wakiwa ndani, na padri wake, Athanase Seromba, alihukumiwa na mahakama ya Umoja wa Mataifa hapa hapa Arusha mwaka 2006, rufaa ya 2008 ikampa kifungo cha maisha. Yupo na mchungaji, Elizaphan Ntakirutimana, aliyehukumiwa 2003. Hawa walikuwa watu wa ushawishi. Watu waliwakimbilia kwa sababu ya imani yao.

Mleta uzi anasema walokole walirudisha jembe. Ni kweli, nyumbani kwetu pia walirudisha. Lakini vitambulisho vya Wabelgiji vyenye kuandikwa Mhutu na Mtutsi vilianza muongo ule ule wa 1930. Mtu alisimama kwenye ushirika akatubu jembe, kitambulisho kiko mfukoni, na hakuna aliyemuuliza habari zake.

---

Mama Mkubwa wa Kemondo

Pole sana ndugu. Hujaharibu kitu.

---

Mtanga

Mpita Njia, umesema usemalo na limeingia. Naomba unijibu kama unaweza: je, hapakuwa na hata mmoja?

---

Mpita Njia wa Arusha

Walikuwepo. Nitawataja, lakini msiwafanye kifutio.

Yona Kanamuzeyi, mchungaji Mwanglikana wa Nyamata, mtu wa uamsho. Aliwasaidia waliofukuzwa makwao, akauawa kwa ajili hiyo Januari 1964. Miaka thelathini kabla ya yale mengine, mahali pale pale. Kule Gisenyi, Aprili 1994, alikuwepo Félicité Niyitegeka, mwanamke Mkatoliki, Mhutu, aliyewaficha watu kwenye kituo cha kanisa alichokiongoza na kuwavusha mpaka kuingia Goma. Kaka yake alikuwa ofisa wa jeshi, akamtumia habari aondoke ajiokoe. Akakataa kuwaacha aliokuwa nao. Akauawa pamoja nao. Na watoto wa shule ya Nyange, Machi 1997, waliamriwa na washambuliaji wajitenge, Wahutu huku, Watutsi huku. Wakajibu kwamba wao ni Wanyarwanda. Baadhi waliuawa. Wale watoto walikuwa wanasoma kijiji kile kile cha lile kanisa lililobomolewa.

Ninachojiuliza miaka yote: kwa nini mwingine alisali miaka thelathini akawa Seromba, na mwingine akawa Félicité? Nimeishi na swali hili, na sijaona jibu linalotosha. Shangazi yangu aliyepona anasema waliomficha hawakuwa wale waliokuwa mbele kanisani. Ni mama mmoja ambaye hata kwaya hakuimba, lakini kwa miaka yote alikuwa hawezi kupokea chenji iliyozidi sokoni. Shangazi anasema ndiyo maana alikwenda mlango ule. Alikuwa amemwona akirudisha senti.

---

Mjukuu wa Karani

Nimekaa na ujumbe huu tangu jana usiku.

Nilipoanza uzi nilitaka kuwasifu wazee wetu na kuwasema wa leo. Naona haitoshi. Uamsho ulijua sana kuuliza "umeiba nini?" Haukujua kuuliza "unamwonaje huyu?" Hata huku Kagera, baba anasema walokole walirudisha ratili za kila mtu, lakini suala la ardhi ya *nyarubanja*, ile ya mabwana na watwana, halikuwahi kutubiwa mkutanoni. Ilibidi serikali ya uhuru iifute kwa sheria.

---

Mtumishi wa Neno

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Ninyi mmetekwa na matendo. Mtu haokolewi kwa kurudisha ratili. Tunaokolewa kwa neema, si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu. Ushawishi wa mwamini unatokana na upako. Karibuni kwenye mkesha wetu Ijumaa hii.

---

Kibuyu Kitupu

Mkesha una spika ngapi mtumishi?

---

Mama Mkubwa wa Kemondo

Mtumishi, sawa, neema ni bure. Ratili zilikuwa za watu.

Sasa mleta uzi. Umetueleza ya babu, umetueleza ya mchungaji, umewasema wenye spika. Umesema wewe ni mzee wa kanisa. Wewe mwenyewe umewahi kurudisha nini?

---

Mtanga

Aaah, bibi ameuliza swali la Ijumaa.

---

Konda Mstaafu

Mjukuu upo? Nakuona uko hewani.

---

Mjukuu wa Karani

Nipo. Nimeandika nikafuta mara nne.

Dada wa Kemondo atanielewa kabla sijamaliza sentensi: *butura*. Kwa wengine, ni kununua kahawa ikiwa bado mtini. Mtu ana shida leo, msiba, ada ya mtoto, mgonjwa hospitalini. Kahawa yake itakomaa miezi ijayo. Unampa pesa sasa, kwa bei yako, na kahawa ikiiva ni yako. Serikali imeipiga marufuku miaka nenda rudi na kila msimu ipo. Hakuna anayeshikiwa bunduki. Unakubaliana, mnaandikishana, wakati mwingine mnashikana mikono na kuombeana. Mimi tuliombeana.

Mama mmoja mjane wa mtaa wetu, ni wa kanisa letu, alikuwa na mtoto amelazwa. Nilimpa shilingi 300,000 kwa kilo 300 za kahawa ya maganda, iliyokaushwa bila kukobolewa. Msimu ulipofika bei ya mnadani ikavuka 4,000 kwa kilo. Nilipata zaidi ya 1,200,000. Nilitoa fungu la kumi, mtunza hazina akaniandikia risiti. Nilimpelekea yule mama sukari kilo mbili na mchele, akashukuru sana, na wifi yake akatangaza kanisani jinsi wazee wa kanisa wanavyowajali wajane.

Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele. Nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Babu alipunguza ratili mbili kwa gunia. Mimi nilichukua robo tatu. Na mimi hata mizani sikuichezea.

---

Konda Mstaafu

Kaka. Ahsante kwa kusema.

---

Mfanyabiashara Huru

Ngoja nipingane na hisia hizi. Biashara ni maelewano. Bei ingeanguka hasara ingekuwa ya nani? Yako. Wewe ndiye uliyebeba hatari, na mtoto wa watu alitibiwa. Mkianza kuwarudishia watu faida kila bei ikipanda, hakuna atakayemkopesha mjane tena.

---

Mama Mkubwa wa Kemondo

Hatari gani? Kahawa ya Bukoba lini iliwahi kushuka chini ya bei ya butura? Mnunuzi ndiye anayeipanga chini makusudi ili isimfikie kamwe. Kama angetaka kumkopesha angemkopesha 300,000 arudishiwe 300,000 na shukrani. Neno mkopo lipo, analijua.

Mjukuu, mimi nina neno moja kwako kama dada. Usiende na mchungaji. Usiende na mzee mwenzako wa kanisa. Usipige picha. Usije ukasimama Jumapili kutoa ushuhuda na kumtaja, hata ukificha jina, mtaa wetu unajuana. Nenda jioni, peke yako, kama babu yako. Na ukifika usimwambie akusamehe kabla hajahesabu pesa. Mtu akiombwa msamaha pesa ikiwa mezani hana uhuru wa kukataa.

---

Mtanga

Naunga mkono. Na akikataa kukusamehe, ni haki yake. Usimnunie.

---

Mwana wa Limuru

Tuletee majibu ndugu. Uzi usife.

---

Mjukuu wa Karani (baada ya wiki mbili na siku kadhaa)

Wakuu, nimerudi. Samahani kwa ukimya.

Nilikuwa na 400,000 mkononi. Nimeuza pikipiki ya pili, ile ya kubebea mizigo, nikafikisha 900,000. Mke wangu alikaa siku tatu haongei nami. Sikumlaumu, hakuijua ile biashara, alijua tu nyumba imepakwa rangi.

Nilikwenda Alhamisi jioni. Mama alikuwa anamenya ndizi nje ya jiko. Nilimwambia kwa mkato, kwa sababu nilikuwa nimepanga maneno mengi yakanitoroka. Nilisema, "Kahawa yako niliinunua kwa robo ya bei. Nilijua bei itapanda. Zilizobaki ni hizi." Alifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na miwani ya marehemu mumewe, akahesabu. Noti kwa noti. Ilichukua muda, kuku wakaingia kulala.

Akasema, "Zimetimia." Hakulia. Hakusema Bwana asifiwe. Hakunikaribisha ndani pia. Nilidhani ataniuliza kwa nini sasa hivi, hakuuliza. Nilipoinuka kuaga ndipo aliponiuliza kitu.

Aliniuliza, "Na wale wengine watatu?"

Sikuwaambia humu kwamba kulikuwa na wengine watatu. Sikumwambia mtu. Yeye alikuwa anajua, majina na kilo. Kijiji kizima kilijua, kama walivyojua mizani ya babu inakula.

Nimenunua daftari la shule, la kurasa 48. Jumamosi naenda kwa wa pili. Sijui nitauza nini, pikipiki zimeisha. Na huyu wa pili si mtu wa kanisa, anakunywa, ana mdomo, na Biblia anaijua kuliko mimi.

---

Kibuyu Kitupu

Huyo atadai mara nne.